Ngoma Yenu Inamtazama Nani?

Wajukuu zangu, nimesikia mmegombana. Buhemba hii mtu akipiga chafya huku mgodini, kule barabarani ameshapewa pole, kwa hiyo msishangae kwamba habari imenifikia kabla sijanywa chai. Kundi moja linataka ngoma ichezwe kama walivyoicheza wazee, isiguswe hata kidogo. Kundi la pili linataka singeli, taa za rangi, na hatua za baleti alizozitoa mwenzenu kwenye simu. Hoteli za kando ya Serengeti zinataka kikundi, na nyie hamjui mpeleke nini. Mmemtuma mtoto aje aulize bibi anasemaje, kwa kuwa bibi alicheza jukwaani tangu usichana mpaka magoti yalipokataa.

Bibi anasema mmeanza ugomvi katikati. Mnauliza mbadilishe nini na mbakize nini. Kabla ya hapo kuna swali ambalo sikumsikia hata mmoja wenu akiliuliza: mnamchezea nani? Aliyekaa pale mbele na kutazama ndiye atakayewabadilishia ngoma, mtake msitake, na atafanya hivyo bila kufungua mdomo.

Tuanze na hiyo baleti, maana naona wengine mnaisema kwa kunong'ona, na wengine mnaitukana hamjaijua. Baleti ilikulia kwenye majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 alikuwa mchezaji mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kucheza mjini Paris. Mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa alipanga mikao mitano ya miguu, na mpaka leo mtoto anayeingia darasani Moscow au Nairobi huanzia hapo hapo. Sasa mtazameni vizuri huyo mchezaji kwenye simu yenu. Vidole vya miguu vimeelekea kando, kimoja mashariki na kingine magharibi. Hakuna mtu aliyezaliwa anatembea hivyo. Zamani watazamaji walikaa pande zote za ukumbi, kisha baleti ikapandishwa jukwaani, watu wote wakakaa upande mmoja, na mkubwa katikati yao. Mchezaji akalazimika kwenda kushoto na kulia bila kumpa mgongo mtukufu. Ili uende kando huku kifua kinatazama mbele, lazima mguu mzima ufunguke kuanzia kwenye nyonga. Kiti cha mkubwa ndicho kilichogeuza nyonga za watu, na miaka mia tatu na zaidi imepita, zimebaki zimegeuka.

Msicheke. Na sisi yalitupata.

Sindimba ya Wamakonde mnaijua wote, hata msiojua Mtwara iko wapi. Ilikuwa ngoma ya kwao, ya mambo ya jando na unyago, ikichezwa kwenye duara, na aliyesimama kutazama leo kesho alikuwa ndani anacheza. Miaka ya 1960 Serikali ilipounda kikundi cha taifa cha ngoma, sindimba ilikuwa miongoni mwa zilizochukuliwa na kupandishwa jukwaani. Duara likafumuliwa likawa mstari. Mstari ukageuzwa ukamtazama mgeni rasmi. Muda ukafupishwa. Mgeni rasmi, ambaye hakujua wimbo unasema nini wala ngoma inachezwa kwa ajili gani, akapiga makofi pale kiuno kilipozunguka, na kiuno kikaongezwa. Kila msimu kikaongezwa. Wako waliolalamika kwamba ngoma ya watu imefanywa kichekesho cha mauno, na walikuwa na haki. Lakini mchezaji angefanyaje? Makofi ndiyo mshahara wa papo kwa papo.

Kikundi nilichokuwamo mimi, jina nalihifadhi, mkuu wetu alikuwa mtu wa saa. Ngoma zote dakika saba. Alipoitazama moja ya zile tulizoleta kutoka huku kanda ya ziwa, akasema wimbo wa kuingilia ni mrefu na wageni hawaelewi maneno, ukatwe. Ukakatwa. Sasa sikilizeni ule wimbo ulikuwa na kazi gani. Ngoma ya kuwambwa kwa ngozi ya ng'ombe hulegea, hasa jioni au ikipigwa na unyevu. Mpigaji huwasha moto wa nyasi kavu, akailaza ngoma pembeni ya ule moto, akawa anaizungusha polepole na kuigonga kwa vidole kusikiliza: inasema *du*, bado, inasema *du*, bado, kisha ghafla inasema *di*, imekaza. Wakati huo wote wachezaji wanaimba wamesimama, wanayumba kidogo, mabega yanapata moto, pumzi inapanda taratibu. Ngoma ikikaza na mwili umekaza. Wimbo ulipokatwa, ngoma zikapashwa moto nyuma ya jukwaa na kijana asiyeonekana, sisi tukaingia baridi kama samaki wa barafu, na msimu ule watu wawili walitegua vifundo vya miguu. Tulitafutiwa dawa ya kuchua. Wimbo haukurudishwa.

Nawaambia haya mwone kwamba jambo lililoonekana ni pambo la mwanzo lilikuwa limebeba ngoma nzima. Hamtalijua hilo kwa kutazama. Mtalijua kwa kuicheza yote, mara nyingi, mpaka mwili ukueleze kila kitu kipo pale kwa nini. Ndipo mtu ana ruhusa ya kushika mkasi.

Wala msidhani nina ugomvi na jukwaa. Lile kundi la taifa lilipokwisha, kazi yake iliendelea kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, hiki ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Nani alikuwa amewahi kusikia, kabla ya hapo, kwamba kijana wa Kizaramo atakaa chini afundishwe litungu la Wakurya, na Mkurya afundishwe mganda? Huo wenyewe ulikuwa mpya kuliko taa zenu za rangi. Na mganda mnaousifia kuwa wa asili, ulizeni ulikotoka: ni mtoto wa beni, ngoma iliyozuka pwani miaka ya 1890 kwa watu kuiga bendi za askari, tarumbeta, magwaride na vyeo, ikasambazwa bara na wanajeshi na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Babu zenu waliikopa parapanda ya mkoloni wakaifanya yao mpaka mkoloni mwenyewe akaingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo wewe unayesema wazee hawakuchanganya, wazee unaowasema ni wa kuchora.

Lakini tazameni walichanganya mbele ya nani. Hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri.

Nendeni Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, mwezi wa sita wakati wa Bulabo. Mmisionari Mkanada, Padri David Clement, ndiye aliyeiingiza ile michuano kwenye sikukuu ya Ekaristi miaka ya 1950, lakini michuano yenyewe ni ya zamani kuliko parokia. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na wanasimulia kwamba vilianza karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu. Wakaamua ubishi kwa ngoma. Kila mmoja na watu wake, uwanja mmoja, siku moja, *wakati mmoja*. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wako katikati, na wanaenda kule kunakonoga. Upande uliobaki na watu wachache umeshindwa, na kila mtu ameona.

Mnadhani katika mchezo wa namna hiyo manju, kiongozi wa ngoma, anaweza kuleta kile kile cha mwaka jana? Haiwezekani. Ndiyo maana Wasukuma wana chatu anayevishwa shingoni kwenye chama cha Wayeye, wana majembe yanayorushwa hewani na kudakwa katika bugobogobo, wana sanamu za mbao zinazochezeshwa ili watu wakimbie kutoka upande wa pili. Manju hukaa mwaka mzima na siri yake. Upya ni sharti la ngoma, na ni sharti lililoachwa na wahenga wenyewe. Mtu akiniambia kwamba mila ni kutobadilisha, namwonyesha Bujora, nami nanyamaza.

Ila yule mtu wa katikati, anayeamua kwa miguu yake, anaijua bugobogobo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Anajua kwamba ilikuwa ngoma ya kulimia, kwamba mdundo ulikuwa unawapa watu mstari mzima pigo moja la jembe ardhini. Ukirusha jembe juu likashuka nje ya pigo, anacheka na kuhama. Ukilirusha likashuka *ndani* ya pigo, kwa namna ambayo hajawahi kuiona, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Mtazamaji huyo huwezi kumlaghai kwa mauno. Amebeba ngoma ya zamani kichwani mwake, ndiyo maana unaweza kumshangaza. Asiyejua chochote hawezi kushangazwa; anaweza tu kuburudishwa.

Na makundi makubwa ya baleti yanaishi kwa sheria hiyo hiyo, ingawa wao wanakata tiketi. Kuna mchezo wao uitwao Swan Lake, hadithi ya binti aliyerogwa akageuzwa bata maji, muziki wa Tchaikovsky. Ulichezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877 na haukuwavutia watu sana. Mwaka 1895, mtunzi wa muziki akiwa ameshafariki, Marius Petipa na Lev Ivanov wakaupanga upya kule St Petersburg, na huo wa pili ndio ambao dunia sasa inauita wa asili. Mmeona? Asili yenyewe ni marekebisho. Mwaka 1995 Mwingereza Matthew Bourne akawatoa wale mabinti wote weupe, akaweka wanaume vifua wazi na suruali za manyoya, bata maji wakali wanaouma. Mwaka 2010 dada mmoja wa Soweto, Dada Masilo, akauchukua mchezo ule ule, akawavisha wanaume na wanawake vile visketi vilivyosimama, akawaacha peku, akachanganya hatua za baleti na ngoma za kwao Afrika Kusini, na akaingiza ndani yake habari za mapenzi wanayokatazwa watu. Alifariki mwishoni mwa 2024, hajafika hata miaka 40. Aliweza kuigeuza kwa sababu aliijua, na watu walielewa alichogeuza kwa sababu na wao waliijua. Mwanamume mwenye manyoya ana maana tu kwa mtu aliyekwisha kumwona binti mweupe. Ndiyo maana yale makundi hayathubutu kuutupa mchezo wa zamani: mwaka huu wanauweka ule wa 1895, mwakani wanaweka wa jana, na wachezaji ni wale wale.

Wanawezaje? Mazoezi ya asubuhi. Hapa nawaomba mwaige hawa watu wa nje bila aibu. Mchezaji wa baleti, hata awe nyota wa dunia, kila asubuhi anashika bomba la mazoezi kama mtoto na kuanza kwa kukunja magoti polepole. Kisha mguu unateleza mbele, kando, nyuma. Mpangilio haubadiliki. Jioni anaweza kwenda kucheza kitu cha ajabu, kisicho na hadithi wala muziki wa kueleweka, lakini asubuhi anarudi pale pale. Nyie kikundi chenu mazoezi yakoje? Mnakutana siku mbili kabla ya harusi ya mtu, mnapiga picha, mnaagiza soda. Nimewaona.

Wala msinipe kisingizio cha ukumbi. Kibera, Nairobi, Mkenya Michael Wamaya alifundisha watoto baleti kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa kando, sakafu mbaya, watoto peku. Mwaka 2017 aliingia kwenye kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani. Na Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa mabanda Nairobi hiyo hiyo, alifika mpaka shule ya English National Ballet, London. Hakuna aliyewapa zulia.

Na hapo hapo, wewe binti wa simu: acha kabisa kusimama juu ya ncha za vidole. Nimekuona nyuma ya nyumba ya shangazi yako. Wale wenzako wanavaa viatu maalumu ambavyo mbele yake vimeshindiliwa tabaka za kitambaa na gundi, na hawavivai mpaka wamefundishwa miaka na mifupa ya miguu imekomaa. Wewe unasimamia mfupa mtupu juu ya changarawe. Kama unaipenda baleti, chukua kutoka kwayo jinsi shingo inavyorefuka na mgongo usivyolegea hata mtu akiwa amesimama tu. Hicho kitakufaa hata kwenye ngoma ya kwenu.

Sasa jambo la simu zenyewe. Mwaka 1913 mjini Paris kundi la Warusi la Diaghilev lilicheza baleti iliyotungwa na Vaslav Nijinsky kwa muziki wa Stravinsky, The Rite of Spring. Ilikuwa mpya kiasi kwamba watu ukumbini walizomeana. Ikachezwa mara chache, ikaachwa, na kwa kuwa hakuna aliyeiandika sawasawa, ikapotea. Ilichukua mpaka 1987 watafiti kuikusanya tena vipande vipande, kwa michoro na kumbukumbu za waliokuwapo, ndipo ikachezwa huko Marekani. Michezo ya Petipa iliyo ya zamani zaidi ilipona, kwa sababu mtu mmoja, Nicholas Sergeyev, aliondoka Urusi baada ya mapinduzi akiwa na madaftari yaliyoandikwa hatua kwa alama, na Waingereza wakajifunzia humo. Kwa hiyo vya kale vilibaki na vipya vikafa. Simu zenu zina nafasi ya kumrekodi bibi yeyote wa Busegwe au Kiabakari akicheza ngoma yote, tangu anavyofunga kanga kiunoni mpaka anavyokaa chini kuhema. Nyie mnarekodi sekunde 30 za bega mnaweka wimbo mwingine juu. Rekodini yote, na sauti yake ya kweli. Mwulizeni na jina la aliyemfundisha. Kisha wekeni nakala kwa zaidi ya mtu mmoja, maana simu za Buhemba zinadumbukia mashimoni kila wiki.

Ngoma ya zamani ni kama marudio, na nyie mnaoishi na mgodi mnayajua. Ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na waliotangulia, wakauacha kama takataka, leo anakuja mtu na mtambo mpya, anauosha tena, anapata dhahabu. Lakini hapati kwa kuwa mtambo ni mpya. Anapata kwa kuwa dhahabu imo, na kwa kuwa alichukua kwanza kiroba kimoja akakipima kabla ya kukodi lori. Nyie mnakodi lori.

Kuna Mkongo ambaye nataka mmtafute kwenye hizo simu, Faustin Linyekula, mtu wa Kisangani. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi, akashirikiana na Opiyo Okach na mwenzao Afrah Tenambergen kuanzisha kundi la Gàara, ngoma za kisasa wakati ambapo Wakenya wengi hawakujua zinaitwaje. Baadaye akarudi kwao akaanzisha Studios Kabako. Hatua zake ni za leo kabisa. Mzee wa kijijini anaweza kudhani anaumwa. Alipotaka kutengeneza mchezo mpya kuhusu historia ya jukwaa, uliochezwa mwaka 2019 huko Avignon, Ufaransa, aliwaendea wakongwe waliokuwa kwenye Baleti ya Taifa ya Zaire, ile ya enzi za Mobutu, waliocheza utenzi wa Lianja mwaka 1974. Hakuwaiga. Aliwapandisha jukwaani wenyewe, na miili yao ya uzee, wacheze na kusimulia ni nini kilikuwa cha kijiji, nini kilikuwa amri ya Rais, na nini walikifanya wao kwa kupenda. Angalieni jambo hilo: kundi lile la taifa lilikuwa limemtazama Mobutu, kama Wafaransa walivyomtazama Louis. Linyekula akawageuza wakatazamana wao kwa wao. Mimi huo ndio upya ninaouheshimu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye kaburi lake liko Butiama hapo jirani, alilisema jambo hili mapema kuliko sisi sote. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alieleza kwa nini anaunda wizara mpya ya utamaduni na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza dansi za Ulaya na Amerika na hawajapata hata kusikia ngoma za nchi yao. Wengi wanakumbuka mpaka hapo tu. Lakini katika hotuba ile ile aliwaonya pia wanaodhani kufufua utamaduni ni kukataa vya wengine, na maneno aliyoyatumia kuhusu taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine hayakuwa ya upole. Mwaka uliofuata akatoa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, kazi aliyoifanya huku ana nchi changa ya kuendesha. Alizijua lugha zote mbili mpaka kwenye uboho, ndiyo maana haikumshinda.

Nije kwenu sasa, maana mtaniambia bibi amezunguka dunia na hajajibu.

Kikundi chenu kina watoto wa Kizanaki, Wakurya, Wajita, Msukuma mmoja na yule kijana wa Kijaluo wa Rorya. Ndivyo Buhemba ilivyo tangu mgodi wa mkoloni ulipoanza kuita watu. Kwa hiyo hata mkikataa kuchanganya mmeshachanganyika. Kila mmoja wenu achague mzee wa kwao na ajifunze ngoma moja nzima, na wimbo wake wa kuingilia, kabla ya kuonyesha wenzake. Zile za jando na za mambo ya koo, mzee akikwambia hii haipandi jukwaani, haipandi. Usimwulize mara mbili wala usimpe hela.

Singeli sina neno nayo. Vijana wa Dar waliitoa kwenye vigodoro vyao, mbele ya majirani waliokuwa wanaijua kila herufi, na ndiyo maana ina nguvu. Ila kasi yake haina pumziko, na ngoma zetu huku bega husema pale kwenye pumziko. Mkiimwaga singeli kuanzia mwanzo, mabega yatakosa mahali pa kusema. Jaribuni kuiweka mwishoni, ngoma inapopanda yenyewe, na mpigaji wa litungu ndiye aanze kuivuta ile kasi kwenye nyuzi zake nane. Litungu nalo zamani lilifungwa mishipa ya mnyama, leo ni nailoni, na hakuna aliyelia. Kisha izimeni spika muicheze sehemu hiyo kwa ngoma na litungu peke yake. Ikisimama, irudisheni spika. Ikianguka, mlikuwa mmeegemea umeme.

Taa za rangi ni upuuzi, mtaniwia radhi. Zinaficha miguu.

Kabla ya hoteli, chezeni hapa kijijini, mchana, uwanjani, kwenye duara, mbele ya wanawake walioicheza. Msiwaite wakuu wa ofisi. Waiteni wale watakaocheka. Wakicheka mahali, msijitetee. Muulizeni aliyecheka awaonyeshe. Wakinyamaza mahali mlipoweka jambo jipya, subirini, maana kimya chao kina maana mbili. Akiinuka mmoja akaingia, hilo jambo jipya limepita.

Halafu hotelini nendeni na masharti. Waombeni sehemu ya kuwasha moto wa ngoma, mbele ya wageni na si jikoni. Viti viwe pande tatu. Wimbo wa kuingilia haukatwi. Wakisema hawana muda, wapeni ngoma nyingine ya furaha iliyo fupi tangu ilipozaliwa, zipo tele. Mmoja wenu awaeleze wageni kwa sentensi mbili ngoma hii huchezwa lini na kwa ajili gani, ili wakipiga makofi wajue wanachokipigia. Na mabinti wasiombwe kuongeza kiuno. Akiwaomba mtu, niiteni mimi.

Malipo yagawanywe siku hiyo hiyo, mbele ya wote, na mpiga ngoma asipewe pungufu ya mchezaji. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika, ugomvi ulianzia kwenye bahasha. Mweka hazina awe na daftari, kila mtu atie saini, na daftari likae kwangu mpaka mtakapopata kabati lenye kufuli.